Ombi la Mgonjwa Lisigeuzwe Kuwa Sheria

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, mashehe na wachungaji mlioitikia wito, mama zangu, baba zangu, na ninyi wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ukunga ambao ndio hasa mmenileta hapa: nawashukuru sana.

Swali mlilonipa ni hili: je, mgonjwa atibiwe na mhudumu wa jinsia yake tu? Nitajibu mapema, msije mkakaa muda wote mkinitegea. Mgonjwa akiomba ahudumiwe na mwanamke mwenzake, au mwanamume mwenzake, ombi lake ni halali na sisi wahudumu tunapaswa kuhangaika kulitimiza. Lakini ombi hilo likichukuliwa kutoka mikononi mwake, likafanywa kanuni ya hospitali au sheria ya nchi, kwamba mwanamke asiguswe ila na mwanamke na mwanamume asiguswe ila na mwanamume, watu watakufa. Mimi ni muuguzi mkunga wa miaka mingi, na nasema hivyo nikijua uzito wake.

Nianze na aibu, kwa sababu wengi wetu tuliosomea kazi hii tunaidharau. Tunazoea miili ya watu. Mwaka wa kwanza mikono inakutetemeka kumvua mgonjwa shati. Mwaka wa tatu unamfunua mtu huku unazungumza na mwenzako habari za zamu ya kesho. Wewe umezoea, mgonjwa hajazoea. Huenda ndiyo mara yake ya kwanza kuonwa na mtu asiyemjua, na mtu aliyelelewa kujisitiri hawezi kuyatupa malezi yake mlangoni kwa sababu tu aliyemsimamia amevaa koti jeupe. Kumwambia "hapa hospitali hakuna aibu" hakumsaidii lolote. Kunamnyamazisha tu, na mgonjwa aliyenyamaza ni mgumu kumtibu kuliko yule anayelalamika.

Aibu hiyo imewahi kubadilisha hata vyombo tunavyotumia. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker jijini Paris, daktari René Laennec alipokea msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Desturi ya siku zile ilikuwa daktari kulaza sikio lake juu ya kifua cha mgonjwa. Laennec akaona haifai, kwa umri wa yule msichana na kwa kuwa ni mwanamke. Akachukua karatasi, akaikunja ikawa bomba, akaweka ncha moja kifuani kwa mgonjwa na nyingine sikioni mwake, akashangaa kusikia mapigo ya moyo waziwazi kuliko alivyowahi kuyasikia kwa sikio tupu. Hiyo ndiyo asili ya stethoskopu mlizoning'iniza shingoni hapo mlipokaa. Angeweza kumkaripia yule msichana. Alitafuta njia, na tangu hapo kila mgonjwa amefaidika, mwanamke kwa mwanamume.

Mifano ya namna hiyo ni mingi katika historia ya kazi yetu. Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari nchini Marekani, mwaka 1849, alieleza kwamba aliyemtia wazo la kusomea udaktari ni rafiki yake aliyekuwa akifa kwa maradhi ya kike. Rafiki huyo alimwambia kwamba lau angetibiwa na mwanamke, sehemu kubwa ya mateso yake asingeyapata. Kule India, Anandi Joshi alizaa akiwa na umri wa miaka 14, na mtoto wake akafariki baada ya siku 10. Akaamua kusomea udaktari, akavuka bahari hadi Marekani, kwa sababu aliona wanawake wa kwao wanavumilia maradhi ndani kuliko kupimwa na mwanamume. Alihitimu mwaka 1886, akarudi nyumbani akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, akafariki mwaka uliofuata kabla hajaanza kazi aliyoisomea. Nawatajia wanawake hawa ili mjue kwamba anayeomba daktari wa kike leo haombi jambo geni. Anaomba jambo ambalo wenzake walilisafiria na kulifia.

Na aibu hiyo bado inaua. Saratani ya mlango wa kizazi iliwaua wanawake wapatao 350,000 duniani mwaka 2022, wengi wao katika nchi maskini. Saratani hii huchukua miaka mingi kukomaa. Dalili za awali zinaweza kuonekana na kuondolewa kabla hazijawa saratani kabisa. Lakini kipimo tulichokizoea kinamtaka mwanamke apande kitandani, atanue miguu, na chombo cha chuma kiingizwe ukeni ili mtu achungulie. Wapo wanaoahirisha mwaka hadi mwaka. Ukiwauliza watakwambia wana kazi nyingi. Ukikaa nao zaidi watakwambia walisikia anayepima ni kijana wa kiume. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza upimaji wa virusi vya HPV, ambavyo ndivyo husababisha saratani hiyo, na katika kipimo hicho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani, kwa kijiti laini. Hapo swali la nani amguse linaondoka lenyewe. Napenda sana suluhisho la aina hii, na ningependa tulitafute mara nyingi zaidi kabla hatujaanza kubishana.

Sasa nizungumzie utafiti, maana najua kuna wanaosema: hata takwimu zinaonyesha mwanamke anapona zaidi mikononi mwa mwanamke. Ni kweli zipo takwimu za namna hiyo, tena za uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu wagonjwa milioni 1.3 waliofanyiwa upasuaji katika jimbo la Ontario, Kanada, uligundua kwamba wanawake waliopasuliwa na madaktari wa kiume walikabiliwa na hatari kubwa zaidi, kwa takriban asilimia 15, ya kufariki, kupata madhara au kulazwa tena ndani ya siku 30, kuliko wanawake waliopasuliwa na madaktari wa kike. Mwingine wa mwaka 2024, kuhusu wazee waliolazwa Marekani, ulikuta kwamba wagonjwa wa kike waliotibiwa na madaktari wanawake walifariki kwa asilimia 8.15, na waliotibiwa na wanaume kwa asilimia 8.38. Tofauti ni ndogo ukiitazama kwa mgonjwa mmoja, lakini kwa mamia ya maelfu ni roho za watu.

Msikimbilie kuhitimisha. Kuna utafiti wa tatu, wa mwaka 2018, kuhusu watu waliofikishwa hospitali za Florida kwa mshtuko wa moyo kati ya 1991 na 2010. Na huo pia ulikuta wanawake waliotibiwa na wanaume walinusurika kwa uchache zaidi. Lakini watafiti walikwenda mbele hatua moja. Waliona kwamba pengo hilo lilipungua pale daktari wa kiume alipofanya kazi katika idara yenye madaktari wanawake wengi, na lilipungua pia kadiri alivyokuwa ametibu wagonjwa wengi wa kike. Tafadhali liwekeni hilo kichwani. Mwanamume aliyekaa karibu na wenzake wa kike na aliyewasikiliza wagonjwa wa kike wengi aliwatibu vizuri zaidi. Sasa tuchukulie tumeweka sheria ya kuwatenga. Daktari huyo atamaliza chuo bila kumgusa mgonjwa wa kike, atafanya kazi miaka 10 bila kumsikia mwanamke akieleza maumivu ya kifua, ambayo mara nyingi huja kwa mwanamke pamoja na kichefuchefu, uchovu na maumivu ya mgongo au taya. Siku ya dharura ataletewa mwanamke kwa sababu hakuna mwingine, naye hatajua anachokiona. Takwimu zile zile zinazotumiwa kudai utengano ndizo zinazotuonya dhidi yake.

Niwapeleke sasa kwenye chumba ninachokijua kuliko vyote. Mama amejifungua salama, mtoto analia, ndugu wameshapigiwa simu. Kisha damu inaanza kutoka na haikatiki. Katika miezi ya mwisho ya mimba, mfuko wa uzazi unapitisha damu kiasi cha nusu lita au zaidi kila dakika. Ukikataa kujikaza baada ya kondo la nyuma kutoka, ile mishipa inabaki wazi. Unasugua tumbo, unachoma sindano ya oksitosini ya kuukaza mfuko wa uzazi, unaweka dripu, unaita msaada. Yote yakishindikana, kuna jambo moja la kufanya huku chumba cha upasuaji kinaandaliwa: mkono mmoja unaingia ukeni na kukunjwa ngumi, mwingine unabonyeza kutoka juu ya tumbo, na mfuko wa uzazi unabanwa katikati ya mikono hiyo miwili mpaka damu ipungue. Unabana hivyo dakika baada ya dakika, mabega yanawaka moto, jasho linakuingia machoni, na huruhusiwi kulegeza. Mama anaweza kufariki ndani ya saa mbili, wakati mwingine chini ya hapo. Kutokwa damu baada ya kujifungua kunawaua makumi ya maelfu ya wanawake kila mwaka duniani.

Nimewahi kubana hivyo mpaka mikono ikaisha nguvu, na aliyenipokea alikuwa tabibu wa kiume. Hakuna aliyeuliza. Mama mwenyewe, nilipozungumza naye siku ya pili, alikumbuka kwamba yule kijana alimwita kwa jina muda wote na kumwambia anachofanya. Kama ingekuwapo kanuni ukutani inayomkataza, ningeendelea kubana kwa mikono iliyokufa ganzi, au yeye angeivunja kanuni na kupelekwa mbele ya kamati. Sheria inayomlazimisha mtu mwema achague kati ya kazi yake na uhai wa mama ni sheria mbaya, hata kama walioitunga walikusudia stara.

Isitoshe, hesabu haikubali. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wanawake ni karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wote wa afya na huduma za jamii duniani, ingawa katika ngazi za uongozi wanashika takriban robo tu ya nafasi. Wauguzi na wakunga wengi ni wanawake, na wapasuaji wengi ni wanaume. Tukisema kila jinsia ijitibu yenyewe, wodi za wanaume zitakosa wauguzi tangu asubuhi ya kwanza. Nani atawageuza wazee waliopooza wasipate vidonda, nani atawapa dawa usiku? Na kwenye chumba cha upasuaji, mwanamke mwenye mtoto aliyekwama ataambiwa angoje. Nimeona mara nyingi watu wakilijadili jambo hili kana kwamba linawahusu wanawake peke yao. Akina baba, ninyi mngekuwa wa kwanza kuachwa.

Wapo watakaosema natia chumvi, kwamba hakuna serikali ingefika huko. Tutazame Afghanistan. Mwezi Desemba 2022 wanawake walifungiwa vyuo vikuu. Mwezi Desemba 2024 wakafungiwa pia taasisi za mafunzo ya afya, yaani uuguzi na ukunga, mlango wa mwisho uliokuwa umebaki. Wakati huohuo mwanamke anazuiwa au kuogopa kutibiwa na mwanamume. Unganisheni mambo hayo mawili. Mwanamke atibiwe na mwanamke, na mwanamke asisomee kutibu. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 31 Agosti 2025 katika mkoa wa Kunar, lililoua zaidi ya watu 2,000, habari zilizotoka huko zilieleza kwamba baadhi ya wanawake waliojeruhiwa walichelewa kusaidiwa kwa sababu waokoaji walikuwa wanaume na waliogopa kuwagusa wasio jamaa zao. Kwa hiyo anayetaka sheria ya namna hii popote pale, kwanza anionyeshe shule alizojenga kwa ajili ya mabinti. Asiye na shule hizo asiniambie analinda heshima ya mwanamke.

Mashehe wetu wapo hapa na watanisahihisha nikikosea, ila nimejitahidi kuuliza kabla ya kuja. Katika zama za Mtume, Rufaida al-Aslamiyya alikuwa na hema la kutibia majeruhi Madina, na Saad bin Muadh, aliyejeruhiwa katika Vita vya Handaki, aliuguzwa humo. Rubayyi bint Muawwidh amesimulia, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba wao wanawake walikuwa wakitoka na Mtume vitani, wakiwapa watu maji na kutibu majeruhi. Majeruhi hao walikuwa wanaume. Na mwaka 1993, wanazuoni wa Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu walipokutana Brunei waliweka utaratibu: mgonjwa wa kike ahudumiwe na daktari mwanamke Mwislamu, akikosekana, mwanamke asiye Mwislamu, akikosekana, mwanamume Mwislamu, na akikosekana huyo, mwanamume asiye Mwislamu. Wakaongeza kwamba daktari aangalie kile tu kinachohitajika kwa tiba, na awepo maharimu, yaani jamaa wa karibu asiyeweza kumuoa, au mume, au mwanamke mwaminifu. Ni ngazi yenye hatua nne, na kila hatua inamfikisha mgonjwa kwa daktari. Anayesimama kwenye hatua ya kwanza na kuwazuia watu wasishuke ya pili hajaifuata ngazi hiyo.

Kwa upande wa ndugu zangu Wakristo sitaongeza mengi. Hospitali za misheni zimekuwa na wauguzi wa kike wakiwahudumia wanaume kwa vizazi kadhaa, na sijasikia mchungaji akilalamika.

Niruhusuni nirudi kwa akina baba, kwa sababu aibu yao hatuizungumzi kabisa. Mzee mmoja aliletwa usiku, mkojo umemfunga tangu asubuhi kwa sababu ya tezi dume. Kibofu kilikuwa kimejaa hata kinaonekana chini ya kitovu, kimewambwa kama ngoma. Zamu ile tulikuwa wanawake watupu. Nilipomweleza kwamba inabidi kuwekewa mrija, aligeuza uso ukutani akasema, "Mwanangu, siwezi." Nikavuta kiti nikakaa, ili nisizungumze naye nikiwa nimemsimamia kichwani. "Baba, nakuelewa," nikamwambia. "Muuguzi wa kiume yuko wodi nyingine, nimeshamwita. Akiwahi, atakuhudumia yeye. Maumivu yakizidi kabla hajafika, niite mimi, wala hutaniudhi." Haikupita nusu saa akaniita. Nilifunga pazia, nikamfunika shuka mwili mzima, nikaacha wazi mahali panapohitajika tu, nikamwambia kila hatua kabla sijaifanya: sasa nasafisha, utasikia baridi, sasa ni jeli ya ganzi, tusubiri kidogo, sasa vuta pumzi ndefu. Mkojo ulipoanza kuteremka kwenye mfuko alishusha pumzi, kisha akaniuliza jina langu na kijiji cha baba yangu.

Angalieni kilichotokea. Hakupata alichokiomba, lakini ombi lake lilisikilizwa, mwenzangu aliitwa kwa kweli na si kwa maneno, na uamuzi wa kutongoja ulikuwa wake. Ningemwambia "mzee, acha utoto, tumeshaona wengi", huenda angeondoka usiku uleule na kibofu chake.

Kuna hoja nyingine, na hii naiheshimu zaidi kuliko zote: hofu ya kudhalilishwa. Wanawake wamedhalilishwa na wahudumu, na wanaosema "binti yangu asipimwe na mwanamume" mara nyingi wanasema hivyo kwa sababu wanajua jambo. Siwezi kuwaambia waache hofu. Ninachowaambia ni kwamba jinsia moja si kinga inayotosha. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2019 kuhusu daktari mmoja wa kiume wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, ilikuta kwamba aliwadhalilisha kingono wanafunzi wa kiume wasiopungua 177, kwa kisingizio cha kuwapima. Wanaume, mikononi mwa mwanamume, kwa miaka mingi, na waliolalamika hawakusikilizwa. Ndiyo maana Baraza la Madaktari la Uingereza linamtaka daktari anayepima sehemu za siri ampe mgonjwa nafasi ya kuwa na msindikizaji chumbani, iwe daktari na mgonjwa ni wa jinsia moja au la. Kinachomlinda mgonjwa ni shahidi chumbani, ruhusa inayoombwa kabla ya mkono kumgusa, haki ya kusema "simama" na mkono ukasimama, na mahali pa kulalamika ambapo malalamiko hayazikwi. Hospitali inayojitapa kwa kutenganisha jinsia na haina hata kimoja cha hivyo haijamlinda mtu.

Sasa nije kwenye jambo linalonichoma. Ni nani anayechagua? Nimesimama mlangoni mwa chumba cha kujifungulia, mume akaniambia kwa ukali kwamba mkewe asiguswe na daktari wa kiume. Nikamwomba anisubiri, nikaingia kumuuliza mwenyewe. Yule dada, katikati ya uchungu, alinishika mkono akasema, "Dada, aje yeyote. Ninamtaka mwanangu." Nilitoka nikamweleza mume kwa heshima, na nashukuru alielewa. Lakini nimekutana na kinyume chake pia: mume hana neno, mama mkwe hana neno, daktari hana neno, na mwanamke mwenyewe amekaza mapaja, anatazama dari na hasemi kitu. Kila mtu chumbani amekubali isipokuwa yeye. Kukaa kimya si ridhaa. Katika visa vyote viwili kosa ni lilelile, yaani mwili ni wake na wanaouamulia ni wengine. Sheria ya kutenganisha jinsia inaliongeza kosa hilo, kwa sababu inamnyang'anya hata yule ambaye angependelea daktari wa jinsia nyingine. Na wapo. Kuna wanawake waliotendewa ukatili na wakunga wa kike, wakatukanwa na kupigwa makofi kwenye mapaja wakiwa na uchungu, na leo wanamwomba daktari wa kiume kwa sababu walimkuta mpole. Kuna wanaume wasioweza kumweleza mwanamume mwenzao kwamba nguvu za kiume zimepungua, ila kwa muuguzi wa kike aliye na umri wa mama yao wanasema yote. Watu hawa tutawaambia nini?

Nitofautishe hapa kidogo, kwa sababu swali hili huulizwa. Mgonjwa anayeomba mhudumu wa jinsia yake kwa ajili ya stara si sawa na mgonjwa anayemkataa daktari kwa kabila lake au rangi yake. La kwanza linahusu mwili wake mwenyewe. La pili linahusu dharau kwa mwili wa mwingine, na hatulazimiki kulitimiza.

Ninyi wanafunzi wa kiume wa ukunga, najua mnavyofukuzwa. Mnafika wodi ya wazazi na barua ya chuo, mnaambiwa mkae kwenye korido. Mnamaliza mafunzo mkiwa mmesoma uzazi kwenye vitabu, kisha mnapangiwa zahanati ya mbali ambako mhudumu ni wewe peke yako. Hilo ni kosa letu sisi tunaowasimamia, wala si kosa la wale akina mama. Mama ana haki ya kumkataa mwanafunzi, wa kike au wa kiume, na huduma yake isipungue kwa kukataa. Lakini mara nyingi hakuulizwa. Aliona tu pazia limefunguliwa na vijana kumi wameingia na daftari. Nani asingekataa? Mwalimu akiingia kwanza, akakaa, akasema, "Mama, ninaye kijana mmoja anajifunza, anaitwa fulani, atakaa upande wa kichwani kwako, na ukitaka atoke atatoka," wengi wanakubali. Nimeliona likifanya kazi mara nyingi mno kuliko ningeweza kuhesabu.

Wakuu wa hospitali mliopo, ninayo maombi, na hayahitaji fedha nyingi. Mgonjwa anapoandikishwa aulizwe kama angependelea kuhudumiwa na mwanamke au mwanamume, jibu liandikwe kwenye jalada ili asilazimike kulirudia kwa kila anayeingia, na aelezwe palepale kwamba kwenye dharura atahudumiwa na yeyote aliye karibu. Ratiba za zamu zipangwe ili usiku usikose kabisa mwanamke au mwanamume kwenye idara zenye uhitaji huo; zamu ile ya yule mzee haikupaswa kuwa ya wanawake watupu. Mapazia yanayofunga hadi mwisho yawepo, na shuka la pili la kumfunika mtu. Kliniki za kupima mlango wa kizazi na za tezi dume zitangaze siku ambazo mhudumu wa jinsia ile yupo, ili anayeona haya ajue siku ya kuja badala ya kubaki nyumbani.

Na wazazi, mnaodai daktari wa kike kwa binti zenu, mko sahihi kudai. Basi msimkatize masomo ya sayansi yule mmoja kati yao anayetaka kuwa daktari huyo, wala msimcheke kaka yake akisema anataka kuwa mkunga.

Nimeambiwa tuna muda wa maswali. Naomba tuanze na wale vijana wa ukunga waliokaa safu ya nyuma, kisha shehe, maana naona ameshainua mkono tangu nilipomtaja Rufaida.